Khamis wa K na Hamisi wa H

Mara ya kwanza kwenda kutafuta karatasi ya kiwanja cha babu mzaa mama, nilikaa kwenye benchi la afisi moja ya serikali hapa kisiwani Mombasa tangu saa mbili na nusu asubuhi mpaka ikaadhiniwa adhuhuri. Karani kijana aliingia ndani mara tatu, akatoka mara tatu mikono mitupu. Hakuna Hamisi wa jina hilo, alisema. Nilipokuwa naondoka, mzee mmoja aliyekuwa pembeni akifunga mafurushi ya mafaili kwa kamba ya katani akaniita.

"Hebu njoo, mwanangu. Huyo babu yako alikuwa mtu wa wapi?"

"Kisauni, ami."

"Karatasi ya kabla ya vita vya Hitler au baada?"

"Kabla, nadhani."

"Basi usimtafute kwa H. Waandishi wa siku zile wakimwandika Khamis, kwa K. Na kama Kisauni hayupo, tazama Freretown, iliyo hapo hapo Kisauni."

Hazikupita dakika kumi. Karatasi ilikuwepo, imetobolewa na mchwa pembe moja, lakini jina linasomeka na mpaka wa shamba unasomeka: upande wa bahari mpaka kwenye mbuyu. (Mbuyu wenyewe umeshakatwa. Hiyo ni kesi nyingine.)

Miaka kadhaa baadaye nilirudi na dada yangu kwa ajili ya mirathi. Benchi lilikuwa lile lile, ila ndani pamepakwa rangi, pana kompyuta tatu na kiyoyozi. Kijana wa kaunta alitukaribisha vizuri sana, akaandika jina, akatugeuzia kioo tuone wenyewe: hakuna. Akajaribu tena, hakuna. "Haipo kwenye mfumo, dada." Nikamwomba ajaribu kwa K. Akajaribu Khamisi, kwa i mwishoni. Hakuna. Yule mzee nilipomuulizia, nikaambiwa amestaafu.

Tangu siku hiyo, kila nikisoma kwamba afisi fulani ya kumbukumbu imeingia dijitali, swali langu huwa moja tu: majina aliyaandika nani? Aina ya mashine, idadi ya kurasa zilizopigwa picha, na nani alikata utepe, hayo hayanishughulishi. Karatasi isiyo na faharasa, yaani orodha ya majina ya kuitafutia, ni takataka yenye thamani, na ukiipiga picha inakuwa picha ya takataka yenye thamani. Mombasa, kuliko pengine popote nchini, ndipo mahali ambapo kazi ya faharasa ni ngumu zaidi na inahitajika zaidi, na ndiyo hasa kazi ambayo haipati bajeti.

Wengi wetu tukisikia nyaraka za taifa tunakumbuka lile jengo la Moi Avenue, Nairobi, lililokuwa Bank of India, lenye mkusanyo wa vitabu na vinyago wa Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais, ambavyo wanafunzi huenda kuvitazama. Lakini idara yenyewe, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1965, ina vituo vya kumbukumbu nje ya mji mkuu, na Mombasa ni kimojawapo. Kazi ya kituo kama hiki haina mtalii. Afisi ya serikali ikijaa, mafaili ambayo hayatumiki kila siku hufungwa kwenye maboksi, hutengenezewa orodha, hupelekwa kituoni. Huko hukaa yakisubiri. Kila aina ya faili ina muda wake uliopangwa, na muda ukitimia huamuliwa moja katika mawili: lichomwe au lihifadhiwe milele. Sheria inasema hakuna afisa wa umma anayeruhusiwa kuharibu kumbukumbu za umma bila idhini ya mkurugenzi wa nyaraka. Mafaili ya mahakama yana sheria yake, na mara nyingi utaona ilani katika Gazeti Rasmi kwamba kesi za mwaka fulani mpaka mwaka fulani zitateketezwa, mwenye haja ajitokeze. Sijakutana bado na mtu wa mtaa wa Majengo anayesoma Gazeti Rasmi.

Hapo ndipo pana mamlaka ambayo hatuyaoni. Tunamwogopa afisa anayeficha faili, lakini anayeamua lipi liishi na lipi life ni karani aliye mbele ya rundo mchana wa joto, na mara nyingi anaamua kwa kutazama jalada tu. Jalada likiandikwa "Ardhi", litapona. Likiandikwa "Mengineyo", Mungu alisitiri. Na mtu yeyote aliyewahi kufanya utafiti wa kikoloni atakwambia kwamba "Mengineyo" ndimo mlimo na malalamiko ya wazee, barua za wanawake waliodai mahari, na ugomvi wa visima.

Zile kumbukumbu za Pwani zilizokwisha kupona na kuitwa historia, nyingi hazipo hapa. Ripoti za Mkuu wa Mkoa na za wilaya ya Mombasa zimo Nairobi, chini ya namba zinazoanza na PC/COAST na DC/MSA. Mwanafunzi wa Tudor anayetaka kujua Tudor ilikuwaje mwaka 1930 inabidi apande treni pale Miritini, alale Nairobi, ajaze fomu, asubiri faili lipandishwe. Kuna nakala nyingine, katika filamu ndogo (mikrofilamu), iliyotengenezwa kwa ajili ya chuo kikuu cha Syracuse, Marekani. Kwa hiyo kijana wa New York anaweza kuamka asubuhi akasoma habari za mtaa wetu kabla ya kijana wa mtaa huo kupata nauli.

Hapa watu wa kaunti husema: si tuna ugatuzi? Fungueni Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 msome. Orodha ya kazi za kaunti katika mambo ya utamaduni inataja kamari, inataja sinema, inataja hata maonyesho ya video na ukodishaji wake, biashara ambayo siku hizi huioni tena. Maktaba zimo, makumbusho yamo. Nyaraka hazimo. Hazimo pia katika orodha ya serikali kuu, na kwa kuwa Katiba hiyo hiyo inasema kazi ambayo kaunti haikupewa ni ya serikali kuu, basi ndiyo hivyo. Lakini Baraza la Manispaa ya Mombasa lilipofutwa 2013, kaunti ilirithi majengo, madeni, na pia makaratasi yake: ramani za ujenzi, leseni, malipo ya viwanja, kumbukumbu za mikutano. Mrithi wa madeni alijulikana upesi, maana wadai walibisha mlango. Makaratasi hayabishi mlango.

Msomaji wa Nyeri au Kakamega anaweza kuona nalalamika kupita kiasi, kwa kuwa kwao pia kuna mafaili na mchwa. Kweli. Ila ardhi ya Pwani ina kisa chake, na kisa hicho kimeandikwa karatasini tangu mwanzo. Mwambao huu, ukanda wa maili kumi, uliwekwa chini ya ulinzi wa Waingereza kwa mkataba wa 1895 na Sultani wa Zanzibar, ukabaki kwa jina kuwa milki yake mpaka 1963. Mwaka 1908 ikatungwa sheria ya hati za ardhi. Kila mwenye shamba au kiwanja katika milki ya Sultani alitakiwa ajitokeze mbele ya msajili, adai, athibitishe, apewe cheti. Asiyedai, ardhi yake ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Mfalme. Waliojua habari hiyo na waliokuwa na karatasi za kadhi au shahidi anayejulikana walipata. Wengi wa Mijikenda, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na haikuwa na karatasi yoyote, hawakupata. Sheria hiyo ilidumu zaidi ya miaka mia moja, mpaka ilipofutwa kwa sheria mpya ya usajili wa ardhi ya 2012. Neno skwota, yaani mtu anayekaa kwenye ardhi asiyo na hati yake, ambalo mtoto wa Likoni hulijua kabla ya kujua hesabu ya kugawanya, shina lake moja limo katika madaftari yale.

Kutoka huko ndiko kulikotoka pia kitu ambacho humshangaza mgeni kutoka bara: nyumba bila ardhi. Una nyumba yako, umeijenga kwa jasho lako, lakini chini yake si kwako, na kila mwezi unamlipa mwenye kiwanja. Nyumba ina karatasi yake, ardhi ina yake, na zote mbili zinaweza kuuzwa, kurithiwa, kuwekwa wakfu au kugombewa, kila moja kwa njia yake. Ongeza viwanja vya wakfu, vyenye sheria yao tangu enzi za ukoloni. Shamba moja Mombasa linaweza kuwa na athari zake katika afisi nne tofauti, na kila afisi imeliandika kwa jina lake.

Na kwa aina yake ya maandishi. Karatasi za kuuziana za zamani ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, nyingine lugha ya Kiarabu, nyingine Kiswahili chetu kwa herufi hizo hizo. Wafanyabiashara wa Kihindi waliweka madaftari yao kwa Kigujarati. Karani wa Kizungu akasikia, akaandika alivyosikia. Mbarak ni Mbaruk ni Mubarak ni Mbaraka, na yote ni mtu mmoja aliyekuwa na duka Mwembe Tayari. Mitaa nayo ikabadilishwa majina: anayetafuta habari za Digo Road asipojua kwamba iliitwa Salim Road, na anayetafuta Moi Avenue yetu asipojua Kilindini Road, atarudi nyumbani akidhani hapakuwa na mtu akiishi hapo. Kompyuta haijui hayo. Kompyuta hujua ulichoiambia, na hao waliokuja na zabuni ya kuskani hawakukaa muda wa kutosha kuyajua.

Nisionekane mpinga maendeleo. Kuna wizi ambao mashine imeuvunja, na sitausahau upesi. Tulikuwa tunajua sote kwamba faili likipotea asubuhi linaweza kuonekana jioni baada ya chai, na kwamba kuna mafaili yaliyopotea kwa sababu mtu alilipa ili yapotee. Picha iliyohifadhiwa sehemu mbili ni vigumu kuichomoa ukurasa. Serikali ilipotangaza katikati ya 2023 kwamba huduma zaidi ya 5,000 zinapatikana kupitia eCitizen, tovuti yake ya huduma, na kabla ya hapo ilipozindua Ardhisasa, mfumo wa kompyuta wa mambo ya ardhi, jijini Nairobi Aprili 2021, lengo lilikuwa halali: raia asipige foleni mbele ya mtu anayeweza kumwambia njoo kesho. Na hewa yetu yenyewe inadai picha. Wataalamu wa karatasi wanapenda chumba baridi, nyuzi 18 mpaka 20 hivi, na unyevu wa kama asilimia 50. Mombasa unyevu wa asilimia 80 ni asubuhi ya kawaida. Kuvu haina likizo, chumvi ya bahari inakula pini na vibanio mpaka vinaacha alama ya kutu kwenye saini, na stima ikikatika kiyoyozi kinazimika, karatasi inaanza kutoa jasho kama sisi.

Kwa hiyo pigeni picha. Ila tazameni bei ilivyogawanywa. Kupiga picha ni kazi inayohesabika: kurasa kadhaa kwa siku, mwisho wa mwezi ripoti, waziri anapata tarakimu ya kusoma jukwaani. Kusoma karatasi, kuelewa ni ya nini, kuandika majina yote yaliyomo kwa namna zake zote, kuunganisha Freretown na Kisauni, hiyo ni kazi ya mtu mmoja, mafaili machache kwa siku, na haina picha nzuri ya gazetini. Mradi ukikosa fedha katikati, cha kwanza kukatwa ndicho hicho. Kinachobaki ni maelfu ya picha zenye majina ya namba, na utafutaji wake ni kufungua moja moja. Zamani ulikuwa unafungua boksi, angalau mkononi.

Waingereza wenyewe wametupa mfano mzuri kuliko wowote. Wakati wa kuondoka, makoloni yalipewa maagizo: karatasi zinazoweza kuiaibisha serikali ya Malkia zisiachiwe warithi. Nyingine zichomwe, nyingine zitiwe kwenye makreti yenye uzito na kuzamishwa baharini penye kina, mbali na pwani. Nyingine zikasafirishwa. Mwaka 2011, wazee wa Mau Mau wakiwa mahakamani London wakidai fidia ya mateso ya enzi za ukoloni, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ina mafaili hayo katika jumba la Hanslope Park: mafaili kama 8,800 ya makoloni 37 ya zamani, ya Kenya peke yake yakiwa kama 1,500. Miaka miwili baadaye ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228. Kilichowafunika wazee miaka hamsini hakikuwa moto wala maji. Mafaili yalikuwa rafuni, makavu, salama, katika nchi ya baridi. Hayakuwa kwenye orodha yoyote ambayo mtu wa nje angeweza kuiona. Kisichoorodheshwa hakiombwi, na kisichoombwa hakijibiwi.

Sisi tunaweza kufanya hivyo hivyo bila nia mbaya yoyote, kwa uvivu tu.

Kuna tarehe ninayoisubiri. Kwa kawaida, kumbukumbu za umma nchini hufunguliwa kwa wasomaji zikitimiza miaka 30. Mwezi Agosti 1997 Likoni ilivamiwa. Kituo cha polisi kikashambuliwa, watu wakauawa, maelfu wakakimbia makwao, na baadaye tume ya Jaji Akiwumi ya kuchunguza machafuko ikaja kusikiliza mashahidi. Kwa hesabu ya miaka 30, karatasi za kawaida za afisi za Mombasa za mwaka ule zinafikia umri wa kusomwa 2027: barua za machifu, ripoti za wilaya, orodha za waliolala makanisani. Katiba kifungu cha 35 na sheria ya kupata habari ya 2016 zinamruhusu raia aombe hata mapema. Lakini aombe nini? Faili la 1997 haliwi nyaraka kwa sababu miaka imepita. Linakuwa nyaraka kwa sababu mtu alilitia kwenye boksi, akaandika boksi lina nini, akalipeleka, likapokewa. Kama lilibaki kwenye kabati la chuma la afisi iliyohamishwa mara mbili tangu ugatuzi, basi 2027 itafunguliwa hewa. Ningependa kuona kituo cha Mombasa kikitangaza, kwa Kiswahili, kwenye redio za hapa, ni mafaili gani ya mwaka ule yamepokewa na yapi yanadaiwa afisi gani. Ukurasa mmoja wa aina hiyo ungenishawishi zaidi ya skena kumi.

Na watu wa kuifanya kazi ya majina tunao. Mji huu una vijana wasiohesabika waliopita madrasa, wanaosoma herufi za Kiarabu bila kutatizika, na ambao kwenye fomu za kazi hawana pa kuandika ujuzi huo. Mwalimu Sikujua, karne ya 19, alikaa na mmishenari W. E. Taylor wakakusanya mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, kutoka vichwani mwa watu, kwa sababu kulikuwa na mtu anayejua na mtu anayeandika, wakakaa chumba kimoja. Kwamba karatasi zile leo ziko London, kwenye chuo cha SOAS, ni uchungu wake. Lakini zipo, na zinasomeka, kwa kuwa waliozitengeneza walijua kila beti lilisemwa kwa tukio gani. Bila maelezo yale tungekuwa na Muyaka anayetukana watu tusiowajua.

Hicho kikao cha watu wawili ndicho ambacho mageuzi ya afisi zetu hayana. Mkongwe anastaafu Ijumaa, kijana anaajiriwa mwezi wa tatu baadaye, na katikati hakuna hata siku moja waliyokaa pamoja mbele ya rafu. Serikali hulipa mkufunzi aje wiki nzima kufundisha programu mpya. Kumlipa mzee miezi sita baada ya kustaafu ili akae na vijana, aseme huyu ndiye yule, mtaa huu zamani ule, faili hili liliunganishwa na lile mwaka ambao afisi ilivuja, hilo halina kifungu katika bajeti.

Yule mzee wa kamba ya katani nilimtafuta. Hakuwa mbali: anakaa nyuma ya msikiti, Kisauni hiyo hiyo, na alasiri huwa barazani na kahawa yake. Alinikumbuka kwa babu yangu, si kwa uso. Alinionyesha daftari la shule lenye jalada la kijani, majina yameandikwa safu mbili kwa kalamu ya wino: kushoto lilivyo kwenye faili, kulia linavyotamkwa na wenyewe. Alilianza mwenyewe, anasema, kwa sababu alichoka kuwaona watu wakirudishwa. Kurasa karibu zote zimejaa.

Nikamuuliza kama tangu astaafu kuna mtu wa afisi aliyekuja kumwona.

"Alikuja mmoja," akasema. "Alifuata funguo."

Akanimiminia kahawa.